Msimlaumu raida, angalieni nani ametoka gereji

Kila timu ya MotoGP, yaani mbio za dunia za pikipiki, ikianza msimu vibaya, pale tunapoangaliaga mbio hapa Nairobi wa kwanza kutupiwa lawama ni raida. Ati amelewa sifa, ati pesa imempanda kichwani, ati sai anaogopa kona. Mimi hio hadithi naikataa kabisa. Mtu hawezi lala bingwa mwezi wa kumi na moja aamke mwezi wa tatu amesahau kuendesha pikipiki. Ukitaka kujua kwa nini timu imeshuka rudi kwa ule msimu walishinda, hapo ndio utaona shida ilikuwa ishaanza na hakuna aliyekuwa anaiangalia juu kila mtu alikuwa anasherehekea.

Chukua Suzuki. 2020 Joan Mir akawa bingwa wa dunia na timu yao ikachukua taji la timu pia. Lakini Mir alishinda mbio moja tu mwaka mzima, kule Valencia, nguvu yake ilikuwa kumaliza karibu na mbele wiki baada ya wiki wakati wengine wanaanguka, na Marc Márquez wa Honda, bingwa wa 2019, yuko nje na mkono uliovunjika tangu mbio za Jerez. Sisemi ubingwa haukuwa halali, alizitafuta hizo alama kwa jasho lake, nasema tu pengo kati yao na waliokuwa nyuma lilikuwa dogo sana. Alafu Januari 2021 meneja wao Davide Brivio, aliyeijenga hio timu kabla hata hawajarudi kwa mashindano 2015, akaenda zake Alpine kwa Formula 1. Msimu wote wa 2021 hawakuleta meneja mwingine, kazi yake wakagawana wenyewe kwa wenyewe.

Sasa ona venye mambo yalienda. Ducati tayari walikuwa na kile kifaa cha kushusha nyuma ya pikipiki ukitoka kona, nyuma inakaa chini, tairi ya mbele hainyanyuki, kwa hivyo raida anafungua gesi mapema na nguvu yote inaingia kwa lami. Kwa kona moja ni kitu kidogo sana, lakini zidisha kwa kona zote, laps zote, alafu uniambie. Suzuki walikuja kukipata Agosti kule Austria, nusu ya msimu ishaisha! Mwenzake Mir, Alex Rins, naye alikuwa ameanguka anguka mwanzo wa mwaka, alafu akavunjika mkono akiwa kwa baiskeli kabla ya mbio za Catalunya.

Mir alimaliza wa tatu bila kushinda hata mbio moja na watu wakasema ameisha. Hebu tupige hesabu. Alipokuwa bingwa alikuwa na alama 171 kwa mbio 14, hio ni kama 12.2 kila mbio. 2021 akapata 208 kwa mbio 18, kama 11.6. Tofauti haifiki hata alama moja jamani. Yeye alikuwa palepale, ni wengine walisonga, Fabio Quartararo wa Yamaha akafika 278 na kuchukua taji. Timu ikibaki mahali ilikuwa mwaka jana kwa huu mchezo, ishashuka.

Honda ndio mfano unaouma zaidi. 2019 walibeba kila kitu, taji la raida, la timu, la watengenezaji, lakini Márquez alikuwa na alama 420 na Jorge Lorenzo, bingwa wa dunia mara tatu kwa MotoGP, kwa pikipiki hiyohiyo ana 28. Hapo kengele ingelia. Mkono wa mtu mmoja ukavunjika, na 2020 Honda hawakushinda hata mbio moja.

Na si mambo ya Ulaya pekee. Pale Jamhuri kwa motocross niliona timu ndogo ya vijana ikipotea hivyohivyo, pikipiki ni zilezile, kijana ni yuleyule, kumbe fundi wao alikuwa ametoka. Huyo fundi alijua kijana anataka klachi ishike karibu na mwisho wa lever, alijua mvua ikinyesha tairi ya nyuma inatolewa upepo kiasi gani, na hakuna mahali alikuwa ameandika. Aliyekuja alikuwa mzuri tu, spana anazijua, lakini alianza sufuri, na lawama zote zikaangukia kijana.

Ndio maana ile ya Petronas, timu ya pembeni iliyokuwa inatumia pikipiki za Yamaha, inanikera mpaka leo. 2020 walishinda mbio sita, tatu za Quartararo na tatu za Franco Morbidelli. Quartararo akapandishwa timu ya kiwanda, yaani ya Yamaha wenyewe, na 2021 nafasi yake akaingia mkongwe Valentino Rossi, ambaye alistaafu mwisho wa mwaka huo wa 2021. Morbidelli alikuwa amemaliza 2020 wa pili duniani, wa pili, mbele ya Yamaha zingine zote, na 2021 wakamrudisha kwa ileile pikipiki ya zamani wakati wenzake wa Yamaha ya kiwanda wako na mpya. Akapanda jukwaa mara moja, Jerez, alafu goti likaharibika akafanyiwa upasuaji. Timu ikafunga mwisho wa mwaka, na bado kuna watu wananiambia ni Morbidelli alilegea.