Kila Mpwa Angekuwa Muuaji

Jumamosi iliyopita, barazani kwa jirani yangu hapa Lindi, mazungumzo ya baada ya swala ya alasiri yaliangukia tena ile kesi ya askari polisi wa Mtwara. Hakuna mtu wa kusini asiyeikumbuka. Kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa Januari 2022, ikaelezwa kwamba chanzo ni fedha zake, zaidi ya shilingi milioni 33, alizokuwa akizidai baada ya kuchukuliwa na askari. Washtakiwa saba wakafikishwa Mahakama Kuu. Na Juni 2025 wawili wakahukumiwa kunyongwa hadi kufa, watano wakaachiwa huru. Hasira ya watu juu ya wale watano haijapoa hata leo. Mzee mmoja ninayemheshimu sana, aliyenifundisha juzuu nikiwa mtoto, aliweka kikombe chake cha kahawa chini akasema: "Fedha zilikuwepo, mtu amekufa. Hao mawakili wa utetezi walisimama siku ya mwisho kufanya nini, kama si kuwaosha watu damu mikononi?"

Waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Mimi sikumjibu, kwa sababu ya umri wake na kwa sababu nilijua sauti yangu ingetetemeka. Ninamjibu hapa.

Mzee wangu, sisi watu wa huku, Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua, tumehesabu ukoo kwa upande wa mama tangu enzi za mababu. Dini na sheria zimebadili mengi, lakini katika koo nyingi mikorosho ya mjomba bado inamtazama mpwa, na kila mtu kijijini anajua ni mpwa yupi. Mjomba akikutwa amekufa, mtu wa kwanza kunufaika ni huyo. Tukikubali kwamba kunufaika na kifo kunatosha kumtia mtu hatiani, basi kila mpwa wa kuanzia Newala hadi Kilwa ni muuaji anayesubiri tarehe yake. Na si wapwa peke yao. Msimu unapofunguliwa Oktoba, minada inapopita na malipo ya korosho kupitia chama cha msingi cha ushirika yanapoanza kuingia kwenye akaunti, ni nani kijijini asiye na sababu ya fedha dhidi ya mwenzake? Yupo aliyekopa akaahidi kulipa baada ya mnada, yupo aliyechukua fedha za kangomba, yaani aliyeuza korosho zake kimagendo kabla ya mnada, na sasa hataki kutoa mzigo, wapo ndugu waliogawana shamba bila kugawana mpaka. Sababu za fedha zimetapakaa kusini kama majani makavu chini ya mikorosho, na wanaoua ni wachache mno.

Sheria yenyewe inalijua jambo hili. Kifungu cha 196 cha Kanuni ya Adhabu kinataka ithibitishwe kwamba mtu alisababisha kifo, kwa kitendo kisicho halali, akiwa na nia ovu. Na kifungu cha 10 kinasema kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda haina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria inapotamka vinginevyo. Nakubali, na nakubali kwa shingo upande, kwamba pale ambapo hakuna aliyeona kwa macho na kesi nzima inasimama juu ya ushahidi wa mazingira, sababu ya fedha inaweza kuongeza nguvu ya ushahidi mwingine. Lakini tangu mwaka 1958 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliweka wazi kipimo ambacho mahakama zetu zinakifuata hadi leo: ushahidi wa namna hiyo lazima usielezeke kwa namna nyingine yoyote ya maana isipokuwa kwamba mshtakiwa ndiye aliyetenda. Fedha peke yake huelezeka kwa namna mia moja.

Hiyo ndiyo kazi ya majumuisho ya utetezi, yaani hoja za mwisho za wakili wa mshtakiwa, ambayo mzee wangu aliyaita kuosha damu. Wakili anaposimama mwishoni haruhusiwi kuleta shahidi mpya wala kielelezo kipya. Anachoweza kufanya ni kurudi kwa kila shahidi aliyepita na kila kielelezo kilichopokelewa, na kuiuliza mahakama swali moja kwa sura nyingi: kati ya fedha na maiti, mkono wa mtu huyu umeonekana wapi? Nani alimwona, saa ngapi, alikuwa na nini, na maelezo aliyoyatoa polisi yalichukuliwaje? Upande wa mashtaka husimulia hadithi iliyokamilika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao, na hadithi ya fedha ni tamu kusikiliza kwa kuwa kila mmoja wetu amewahi kuitamani fedha isiyo yake. Lazima awepo mtu mmoja chumbani mwenye wajibu wa kuonyesha mahali ambapo hadithi imeungwa kwa dhana tu. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inayosema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike ingebaki maneno ya karatasini kama mtu huyo asingekuwepo.

Wapo mawakili wanaoacha hoja ya msingi na kujificha nyuma ya tarehe iliyokosewa kwenye hati. Wapo, na wananiudhi mimi pia.

Turudi kwa wale saba, maana barazani hakuna aliyetaka kulitazama jambo hili hadi mwisho. Fedha zilizotajwa zilikuwa zilezile kwa wote saba, na marehemu alikuwa mmoja. Kama sababu ya fedha ingetosha, hukumu ingekuwa moja, wote wanyongwe au wote waende nyumbani. Haikuwa hivyo. Kila mshtakiwa alipimwa kwa ushahidi uliomhusu yeye, na matokeo yakatofautiana. Watu wanaliita jambo hilo udhaifu wa mahakama; mimi naona ndilo jambo ambalo sisi barazani hatujawahi kuliweza hata mara moja. Hadi mwaka 2022 jaji alilazimika kuketi na wazee wa baraza, raia wa kawaida wa kumshauri, katika kesi ya mauaji. Siku hizi halazimiki. Raia tuliobaki kuhukumu ni sisi wa kwenye kahawa, ambao hatukumsikiliza shahidi hata mmoja. Nasi hatuna kisingizio cha lugha, kwani tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, na milango ya mahakama ya wazi ni ya wazi kweli.

Sasa niseme kwa nini sauti yangu ingetetemeka.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikutwa amekufa shambani kwake, akiwa na jeraha kichwani, wiki moja baada ya malipo ya korosho kuingia. Alikuwa na mpwa aliyekaa naye, mtoto wa mama mkubwa, tuliyelelewa pamoja. Walikuwa wamegombana kwa sababu ya fedha hizo, na kijiji kizima kilisikia ugomvi ule, kwa kuwa mjomba alikuwa na sauti kubwa na hakujali nani yuko njiani. Usiku wa mwisho walikula pamoja. Asubuhi ndugu yangu alikuwa mikononi mwa polisi, na kabla ya jua kuzama watu walikuwa wamekwisha kuhesabu mikorosho atakayoirithi, kana kwamba kila mti ni shahidi.

Kosa la mauaji halina dhamana. Alikaa mahabusu mwaka mmoja na miezi saba, akipelekwa mahakamani kila baada ya wiki mbili na kurudishwa, kwa maelezo kwamba upelelezi haujakamilika. Mama mkubwa alikuwa akipanda gari alfajiri na chakula kwenye kikapu, akimwona mwanawe kwa dakika chache, akirudi usiku. Hatimaye shauri liliondolewa na ndugu yangu akatoka. Hakukuwa na ushahidi uliosomwa dhidi yake, wala panga, wala nguo yenye damu, wala mtu aliyemwona shambani. Kulikuwa na fedha, ugomvi na chakula cha usiku.

Tulidhani yamekwisha. Hayakuisha, na nimechukua miaka kuelewa ni kwa nini. Shauri linapoondolewa, mtu hajatamkwa kuwa hana hatia, na anaweza kushtakiwa upya. Ndugu yangu hakuwahi kufika mahali ambapo wakili angesimama mbele ya jaji, mbele ya wanakijiji waliokuja kusikiliza, na kusema kwa mpangilio, tangu mwanzo hadi mwisho, kwamba huyu alikula na mjomba wake kwa sababu waliishi nyumba moja, kwamba aligombana naye kama ambavyo kila kijana wa nyumba ile aligombana naye, na kwamba kutoka hapo hadi shambani hakuna hatua hata moja iliyothibitishwa. Hadithi ya fedha ilisimuliwa na kila mtu. Hadithi yake haikusimuliwa na yeyote. Akisimama kwenye foleni ya kupima korosho watu walinyamaza. Mwishowe aliacha mashamba na kuhamia Kilwa, anavua, na mikorosho ile inaliwa na magugu kwa sababu hakuna mwanaukoo anayetaka kuonekana ameirithi. Aliyemuua mjomba, kama aliuawa, hajatafutwa tena na mtu yeyote, kwa kuwa kila mtu anaamini kwamba anajulikana.

Mimi pia ni mpwa wa mjomba yule. Nina sehemu yangu katika mashamba yale, na niliwahi kugombana naye kwa sababu ya ada ya masomo mbele ya watu. Wiki aliyokufa nilikuwa Dar es Salaam. Kati yangu na mtoto wa mama mkubwa hakuna tofauti nyingine.

Nafahamu kwamba mama wa yule kijana wa madini hataki kusikia habari za wakili wa utetezi, na sina neno la kumwambia, wala simwambii. Ninaowaambia ni sisi ambao hatukufiwa, tunaogawa hukumu huku tukimega kashata.

Jumamosi ijayo nitafika barazani mapema na kuketi karibu na mzee wangu. Nitamwamkia, nitamnunulia kahawa, kisha nitamwomba anisikilize habari za ndugu yangu tangu mwanzo, kwa sababu na yeye alimfundisha juzuu, kwenye jamvi lilelile nililokalia mimi.