Ng'ombe wa Maltepe

Najua voisi ya kisa changu cha kwenye minibasi imeshawafikia. Shoga yangu hakusubiri hata nivue viatu, ameirusha kwenye kundi akiwa bado anapanda ngazi, na nusu nzima ni kicheko chake mwenyewe. Ndiyo maana nasimulia leo leo, uso bado unaniwaka, kwa sababu kuna mambo ameongeza. Hakuna mtu aliyeshuka na kamba. Kamba katoa yeye kichwani mwake.

Mnajua ninavyojifunza Kituruki huku Istanbul: simu, vipindi vya dakika tano tano, nikisubiri maji yachemke, nikiwa foleni, nikiwa chooni (msijifanye ninyi simu mnaziacha sebuleni). Na nilikuwa naenda vizuri. Salamu nilizipita, ingawa mpaka leo mtoto wa darasa la kwanza akiniambia "merhaba" nasikia kama ananiitikia shikamoo ambayo sijampa. Dakika ni dakika, saa ni saat, kitabu ni kitap, hesabu ni hesap. Nikaanza kutembea kifua mbele, nikidhani hii lugha ni binamu yetu aliyehamia kwenye baridi.

Halafu simu ikanipeleka kwa wanyama. Kedi paka, köpek mbwa, at farasi, inek ng'ombe. Kwa paka sina ugomvi, Istanbul ndio wenye mji. Lakini huyo ng'ombe aliniganda. Kila nikifungua simu, "İnek süt içiyor", ng'ombe anakunywa maziwa. Maziwa ya nani? Sikuuliza. Nilijibu, ikalia ting, nikapewa nyota. Kipindi cha usafiri kilikuwa bado kimefungwa, mpaka ummalize ng'ombe kwanza.

Sasa, kwa mliozoea daladala: minibasi za huku hazina konda. Nauli unampa aliye mbele yako, naye anampa aliye mbele yake, mpaka inamfikia dereva, na chenji inarudi kwa mikono hiyo hiyo bila kupungua. Dereva anaendesha, anahesabu hela, anagombana na teksi, vyote kwa pamoja. Hakuna wa kukugongea bodi. Kushuka ni mdomo wako.

Na hii ni wiki ya Kurban Bayramı, Idi ya kuchinja. Hili mlishike. Siku hizi ng'ombe wanaingizwa kwa malori, masoko ya mifugo yanafunguliwa pembezoni mwa jiji, na kila mwaka lazima taarifa ya habari ionyeshe fahali aliyekata kamba anakimbia barabarani, nyuma yake ukoo mzima. Wanaonyesha pia wachinjaji wa kujifundisha waliojikata wenyewe na kuishia hospitali, lakini hao siwasemi leo, nina yangu.

Tulipanda minibasi Kadıköy, ile ya kwenda Pendik, imejaa. Shoga yangu akapata kiti mbele. Mimi nyuma kabisa, nimesimama, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine na mfuko wa nyanya. Alikuwa amenifundisha kituoni: ukitaka kushuka paza sauti useme "İnecek var", yupo wa kushuka. Hiyo c inasomwa j, inejek. Bostancı yote nimepita nikiimba moyoni. Inejek var. Inejek var. Likaanza kuonekana duka la dawa la mtaani kwetu, Maltepe.

Koo likakauka. Inejek var. Mbele vichwa vimejipanga kimya, kila mtu na simu yake. Nikajiambia, mama, hapa ulipo ni mtu wa nyota. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, nikafungua mdomo, ikatoka kwa sauti ya mwadhini:

"İnek var!"

Kuna ng'ombe.

Dereva akakanyaga breki. Siyo breki ya kituo, ile ya kuokoa roho za watu. Nyanya zangu zikatangulia mbele bila mimi. Shingo zote zikageukia madirishani, kulia, kushoto. Bwana mmoja wa masharubu akainuka. Dereva ananitafuta kwenye kioo: "Nerede? İnek nerede?"

Yuko wapi? Ng'ombe yuko wapi?

Hapa ningenyamaza, jamani, sasa hivi ningekuwa mtu na heshima zangu. Lakini "nerede" naijua! Imo kwenye simu! Mimi nikaona dereva anauliza anayeshuka yuko wapi, na raha ya kuelewa swali la Mturuki aliyekasirika ninyi hamjawahi kuionja. Nikakumbuka wanavyoitikia mlangoni. "Kim o?" Nani? "Benim." Ni mimi. Nikajipiga kifuani, nikatangaza:

"İnek benim!"

Vijana wawili wa chuo walioketi karibu yangu walisikia ng'ombe ni mimi. Na kwa wanafunzi wa huku "inek" ni utani wa kumtania mtu anayekesha na vitabu, kwa hiyo waliniangalia na kichwa changu kitupu kile, ndipo wakaanguka kicheko. Afadhali hao. Maana "benim" pia ni "wangu", na dereva na masharubu walisikia hivyo. Mgeni wa watu kapotelewa na ng'ombe wake wa Idi, kamwona barabarani.

Mlango ukafunguliwa. Masharubu akashuka. Akachungulia nyuma ya lori lililoegeshwa. Akaangalia uchochoroni. Akamuuliza muuza simit, ile mikate ya duara yenye ufuta, na muuza simit, kwa imani yake njema, akaacha mkokoteni naye akaanza kutafuta. Mimi mkono bado uko kifuani. Na shoga yangu, binadamu pekee ndani ya basi lile ambaye angesema neno moja likaisha, kaingiza uso kwenye mkoba, mabega yanatetemeka. Nikamwita kwa jina. Akajifanya hanijui.

Aliyeniokoa ni teyze mmoja, mama mkubwa wa watu mwenye kitambaa cha maua. Akaniangalia, akaziangalia nyanya, akaniuliza taratibu: "Kızım, inecek misin?" Binti yangu, unashuka? Nikaitikia kwa kichwa. Akageuka akawaeleza wenzake, na sitasimulia lile basi lilivyolipuka.

Mengine mafupi. Nyanya ziliokotwa na watu wasioweza kuhema, masharubu akaitwa arudi, nikashuka, nikawaambia "İyi bayramlar", Idi njema, bila kosa hata moja na hakuna aliyesikia. Dereva akatoa kichwa dirishani: "İneğe selam söyle!" Nimsalimie ng'ombe. Kwenye kundi sasa hivi naitwa Bi Ng'ombe, na kuna mtu asiye na haya ameulizia kilo bei gani.

Kuanzia kesho napanda treni, Marmaray. Inatoka Halkalı mpaka Gebze, inapita chini ya bahari, ikifika Maltepe inasimama yenyewe, mlango unafunguka, unashuka umefunga mdomo wako. Shoga yangu anasema kutoka stesheni mpaka kwetu ni mbali, tena mlima. Nitatembea.