Bukavu: bondeni kimya, juu mlimani kuna kituo

Mwaka 2010 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliondoa sharti kwamba vifaa vinavyorusha intaneti kwenye chaneli za televisheni zisizotumika visikilize vyenyewe kwanza kama chaneli iko wazi. Ikatosha kuuliza daftari la kompyuta lenye orodha ya chaneli zilizo wazi kila mahali. Tangu hapo wengi wanaona mjadala umefungwa. Mimi naishi Bukavu, mashariki mwa Kongo, na naona kusikiliza kulihukumiwa kwa pupa.

Shutuma yenyewe, kwamba kifaa hakisikii kituo kilichozibwa na mlima, ni nzito, sikatai. Shika redio ya mkononi uteremke bondeni Kadutu, mtaa wetu mmoja: stesheni inakwaruza, kisha inapotea. Panda tena hadi barabarani, inarudi safi. Kifaa kilichofungwa kule chini kitasikia kimya, kitaanza kurusha, na picha itakatika kwa jirani wa juu mwenye antena kwenye bati. Ndiyo sababu mwaka 2008 FCC ilidai kifaa kisikie hadi hasi 114 dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Namba hii inanisumbua kila nikiitazama. Ni nguvu ndogo takriban mara 1,000 kuliko ile ambayo televisheni ya Marekani inahitaji ili ioneshe picha. Iko hata chini ya kelele ya umeme inayoletwa na joto ndani ya kipokezi chenyewe. Sikio kali hivyo ni ghali, na tena hushtuka ovyo: mkwaruzo wowote linaudhania kituo, na chaneli iliyo wazi inabaki bila mtumiaji.

Lakini namba hiyo ilipangiwa kifaa kinachosikiliza peke yake. Weka vipokezi vya kawaida katika mitaa ya Kadutu, Bagira na Nyalukemba, vipashane habari kabla yeyote hajarusha. Mlima unaoziba kimoja ni nadra uzibe vyote vitatu, kwa hiyo hakuna haja ya kila kimoja kuwa na sikio la ajabu. Vilima vilevile vinavyoshtakiwa ndivyo vinavyotupa mahali pa juu pa kusikilizia.

Daftari nalo lina faida yake. Afrika Kusini ililijengea kanuni mwaka 2018, na ni rahisi kulisimamia. Ila linajua kilichoandikwa tu. Hapa mpaka ni mto Ruzizi, na mawimbi ya upande wa Rwanda yanaingia nyumbani mwetu, kwa hiyo daftari la Kinshasa bila la Kigali ni nusu daftari. Kituo kikinyamaza kwa kukosa umeme, bado linakilindia chaneli yake.

Ningependa ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, iache daftari litoe kibali, na masikio ya mlimani yawe na haki ya kukizuia.