Uboho, boding, na swali la mtoto aambiwe lini

Jirani yangu ni Mkongomani wa Uvira, binti yake na kijana wangu wako darasa moja, gredi ya 11, hapa Hamilton, Ontario, Kanada. Juzi kanipigia simu usiku, sauti iko juu, nikajua kuna msiba. Kumbe ni kitabu. "Dada, batoto bangu balikimbia mu pori ya kweli kweli, sasa mwalimu anabapatia ingine mu kitabu?" Sikuwa na jibu la haraka, maana hicho kitabu kilikuwa mezani kwangu, nimefika katikati, na nilikuwa nakipenda.

Kitabu chenyewe ni The Marrow Thieves, yaani wezi wa uboho, ameandika Cherie Dimaline, mwandishi wa jamii ya Métis, moja ya jamii za wenyeji asilia wa Kanada, kutoka Georgian Bay. Kilitoka 2017 na mwaka huohuo kikachukua tuzo ya Governor General upande wa vitabu vya vijana, na Kirkus Prize pia. Ni distopia, hizi riwaya za kesho mbaya, dunia ikishaharibika na wenye nguvu wakishageuka wanyama. Tabianchi imevurugika, na watu wamepoteza uwezo wa kuota ndoto, na mtu asiyeota anarukwa na akili. Wenyeji asilia peke yao ndio bado wanaota, na ikagundulika kwamba ndoto zao ziko ndani ya uboho wa mifupa, kwahiyo wanawindwa, wanapelekwa kwenye majengo yanayoitwa shule, wananyonywa uboho mpaka wanakufa. Kijana anaitwa Frenchie anakimbilia kaskazini na kundi la watoto wenzake, wanaongozwa na mzee Miig, na bibi mmoja anaitwa Minerva yuko nao.

Kwanini watoto wetu wanakisoma? Kwasababu mabodi kadhaa ya shule Ontario yameamua Kiingereza cha gredi ya 11 kifundishwe kwa maandishi ya wenyeji asilia wenyewe, na kitabu hiki kinapangwa sana. Wazazi wengi wageni hatukujua mpaka watoto walipokuja nacho nyumbani.

Nianze na upande wa jirani, maana ndio upande unaodharauliwa. Mzazi akilalamikia kitabu watu wanamwona mshamba, hataki mtoto asome. Hapana jamani. Watoto wa huyu mama walilala porini kabla hawajafika Nyarugusu, na walikaa kambini miaka. Sasa mapema kabisa kwenye riwaya, Frenchie na kaka yake Mitch wamejificha, wawindaji wanakuja, Mitch anapiga kelele makusudi ili akamatwe yeye, mdogo anatoroka na kupanda msonobari, anakaa kule juu anasikia kaka yake anachukuliwa. Mi nilisoma hapo nikaweka kitabu chini kidogo nikaenda kuchemsha chai. Binti wa jirani aliposoma hapo hakulala. Utamwambia nini mama yake, kwamba ni fasihi?

Na hoja yake haiishii kwa wakimbizi. Fikiria mtoto wa Kicree au wa Kianishinaabe, hawa ni wenyeji asilia wa hapa, aliye peke yake kwenye darasa la watu 30. Bibi yake alipelekwa kwenye shule za boding za kweli, zile nitakazozieleza hapo chini, nyumbani kuna mambo hayasemwi, mjomba hanywi chai bila kutetemeka, alafu mwalimu anafungua ukurasa wa watoto wanaowindwa na vichwa vyote vinamgeukia yeye. Wenzake kwao ni hadithi ya kukimbizana, inasisimua kama filamu, yeye anasoma habari za kwao. Uchungu ni wake, msisimko ni wa wengine. Kuna wazazi wenyeji wanaouliza kwanini kila kitabu kinachowahusu watoto wao lazima kiwe na damu, kwanini asiandikwe binti wa Kianishinaabe anayecheza hoki na kugombana na dada yake basi. Hilo swali ni la haki kabisa na sijaona mtu akilijibu vizuri.

Upande wa pili sasa, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, nisijifanye niko katikati.

Sisi tuliokulia Tanzania neno boding linatuletea kumbukumbu za kucheka, sanduku la chuma, godoro, uji wa asubuhi wenye mabonge, barua za kwenda nyumbani kuomba sukari. Hapa Kanada boding ni neno la msiba. Zaidi ya watoto 150,000 wa wenyeji asilia walipitishwa kwenye boding zilizoendeshwa na makanisa kwa hela ya serikali, sheria ya 1920 ikawanyima wazazi hiari, na za mwisho zimefungwa miaka ya 1990, yaani mimi niko shule ya msingi Tanga nasoma, huku watoto bado wako ndani. Walikatwa nywele, wakapewa namba, na wakichapwa kwa kuongea lugha ya mama yao. Maelfu hawakurudi. Kutoka kwangu kwenda Brantford kwa gari sio mbali, na pale lipo jengo la matofali mekundu la Mohawk Institute, lilifungwa 1970, waliosoma pale waliliita Mush Hole, shimo la uji, kwasababu ya uji waliokuwa wanapewa siku zote. Nimesimama nje ya lile jengo, nikawaza uji wangu wa boding na uji wao, kitu kilekile kwenye bakuli, lakini mimi nilipelekwa na baba yangu kwa mkono wake na likizo nikarudi.

Kwahiyo mtu akisema distopia inawatisha watoto kwa mambo ya kubuni, namuuliza, kipi cha kubuni? Mwaka 2013 mwanahistoria Ian Mosby alichapisha ushahidi kwamba kati ya 1948 na 1952 watoto wa boding sita walifanyiwa majaribio ya lishe, walikutwa wana njaa na badala ya kulishwa wakageuzwa kipimo. Ukishajua hilo, mashine ya kunyonya uboho inabaki na ubunifu kidogo sana. Waubgeshig Rice, Muanishinaabe wa Wasauksing, kwenye Moon of the Crusted Snow ya 2018 amelisema vizuri kupita wote. Umeme umekatika, baridi kali, kijiji kimetengwa na dunia, vijana wanahofia ni kiyama, na bibi mmoja anaitwa Aileen anamweleza kijana Evan kwamba dunia yao ilishaisha zamani, walipokuja Wazungu, ikaisha tena walipofukuzwa kwenye ardhi yao, ikaisha tena watoto walipochukuliwa, na wao bado wapo. Kile sio kitabu cha vijana hasa ila vijana wanakisoma. Na hapo ndipo hizi hadithi zinapoachana na distopia zingine, maana zile nyingi zinauliza itakuwaje tukipoteza kila kitu, hizi zinaanzia kwa watu walioshapoteza na wakajua namna ya kuishi baada ya hapo. Dimaline amewahi kueleza kwamba alitaka vijana wa kwao wajione wako hai huko mbele. Ukiwa mtoto ambaye kila kitabu cha historia kinakutaja kwa wakati uliopita, kukuta Frenchie anaishi mwaka ambao bado haujafika, anampenda msichana anaitwa Rose, anaona wivu, ananuna, anajifunza kuwinda, hicho ni chakula.

Ila kuna kitu kinanisumbua kwenye hiki kitabu, na sio ukali wake. Ni uboho wenyewe.

Ukisema ndoto ziko kwenye mifupa ya watu fulani, na ndoto hizo zimeshonana na lugha, unakuwa umeweka utu kwenye damu. Najua ni mfano, najua mwandishi ndiye anayewasuta wezi. Lakini kijana wa miaka 16 anaweza kutoka na wazo kwamba mwenyeji wa kweli ni yule mwenye kitu fulani mwilini, na kwenye nchi ambayo serikali ilikuwa inaandika kwa sheria nani ni mwenyeji na nani sio, na wanawake walioolewa nje wakafutwa kwenye orodha mpaka sheria ilipobadilishwa 1985, wazo hilo ni la hatari. Mtoto aliyeasiliwa utotoni akalelewa na Wazungu, hajui neno hata moja, yeye uboho wake una nini?

Alafu nikasoma tena, taratibu, nikaona kitabu chenyewe kinajibishana na hilo. Kuna mahali padogo sana, ukisoma haraka unapita. Rose anatamka neno moja tu la lugha yao, nishin, na Frenchie anashtuka, sauti inamkatika, anataka kujua amelitoa wapi. Amefundishwa na Minerva, wakiwa wamekaa pamoja huku wanaume wakiwa kwenye mafunzo ya kuwinda. Frenchie anaona wivu wa neno moja! Anao uboho uleule lakini neno hana, kwasababu neno halikai kwenye mfupa, linatoka mdomoni kwa mtu mzima aliyekaa na mtoto. Na hapa atakayekuwa hajasoma anisamehe, mwishoni Minerva akishafungwa kwenye mashine yao anaanza kuimba kwa lugha yake na mashine inaungua. Kilichowashinda ni wimbo aliofundishwa na wakubwa wake.

Hiyo sehemu ilinigusa mimi binafsi. Nilisoma shule moja ambapo ukishikwa unaongea Kiswahili unavalishwa kibao shingoni, unazunguka nacho mpaka umshike mwenzako umpe. Nilikuwa hodari wa kushika wenzangu. Na bibi yangu mzaa mama alikuwa anatusemesha Kibondei, sisi tunamjibu Kiswahili, hakuna aliyetuvalisha kibao kwa Kibondei, kimeondoka hivihivi tu bila fimbo. Kijana wangu naye sasa namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Silinganishi na yaliyowapata watu wa hapa, wao walichukuliwa kwa nguvu na watoto wakafa, ila ule wivu wa Frenchie naujua.

Tatizo lingine ni matumizi, na hapo nawalaumu zaidi watu wazima kuliko waandishi. Kitabu kinapewa kazi ya somo la historia. Kijana wangu anavaa fulana ya rangi ya machungwa kila tarehe 30 Septemba, siku ya kuwakumbuka watoto wa zile boding, tangu yuko mdogo, lakini aliniuliza, mama, zile shule za kwenye kitabu ametunga au zilikuwepo? Maana darasani waliruka moja kwa moja kwenye mashine na tamathali za semi. Ripoti ya 2015 ya tume ya ukweli na maridhiano, iliyochunguza zile boding, ipo, ina miito 94 ya kuchukua hatua, sauti za waliosoma zile shule zimerekodiwa, Brantford ni hapo tu, na bado mtoto anamaliza riwaya hajui mstari kati ya kilichotungwa na kilichotendeka uko wapi. Ukimpa distopia bila historia umemfundisha kwamba historia nayo ni distopia tu, hadithi ya kutisha, funga kitabu ulale.

Na kitabu kimoja hakitoshi kubeba mataifa yote. Lugha za wenyeji Kanada peke yake ni zaidi ya 70. Ambelin Kwaymullina, wa jamii ya Palyku huko Australia Magharibi, ameanza mfululizo wake 2012 na msichana Ashala anayekamatwa na kuhojiwa, na mule utakuta kuna msitu wa kukimbilia, kuna kabila la watoto waliojiundia wenyewe sheria zao, matumaini yamo toka mwanzo, anaandika habari za kizuizini bila kumpiga msomaji ngumi ya tumbo. Mtoto akisoma vyote viwili anaona kwamba hata ndani ya mateso kuna njia nyingi za kusimulia. Na sio kila kitu ni cha kusimuliwa pia, mwaka 2018 kundi la waandishi wa Kinavajo, wenyeji asilia wa Marekani, lilitoa barua ya wazi kupinga riwaya ya Trail of Lightning, wakisema imechukua mambo matakatifu ya kwao na kuyafanya vipambo vya hadithi. Wapo walioipenda na wapo Wanavajo pia walioitetea, ila swali la nani aambiwe nini liko hai kwao, hawakuliachia wachapishaji.

Jirani alimwandikia mwalimu, binti kapewa kitabu kingine, na nadhani mwalimu alifanya vizuri. Lakini mama mwenyewe akasema anataka kujua kilichomo. Kiingereza cha kusoma hakijamkaa vizuri, kwahiyo Jumamosi anakuja kwangu tunachambua maharage, mi namsomea, naligeuza Kiswahili papo hapo, yeye ananisahihisha kwa Kiswahili cha kwao. Tumefika pale Miig jioni anawasimulia watoto Hadithi, ile ndefu ya mambo yote waliyotendewa tangu zamani, na RiRi, mtoto wa miaka 7, anaondolewa kwa Minerva kwasababu bado mdogo, na hataki kuondoka. Jirani akasimamisha mkono juu ya ungo. Akasema, "Huyu bamwambie tu. Anakimbia na beye kila siku, hajue anakimbia nini."

Nikamuuliza, na binti yako je? Akarudia kuchambua maharage. Akasema binti yake atamwambia yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, sio mwalimu, na sio mbele ya watu 30.