Manzese au Chanika: mgeni wa Dar aanzie wapi?

Mdogo wangu amemaliza chuo Mbeya na kupata kazi ya dukani Kariakoo. Swali lake la kwanza lilikuwa akapange wapi, na ndugu waliozoea Dar wakampa majibu mawili yanayogongana. Mjomba, mwenye nyumba yake Chanika, pembezoni mwa jiji, alimwambia aende huko: chumba bei chee, hewa safi, kelele hakuna. Binamu yetu wa Manzese, karibu na katikati ya mji, akasema asithubutu, atakwisha kwa nauli na usingizi.

Nimelifikiria sana jambo hili, kwa sababu chumba cha kwanza ndicho kinachoamua kama mgeni atasimama mjini au atarudi nyumbani ndani ya mwaka.

Mjomba ana hoja nzito. Sensa ya 2022 iliikuta Dar es Salaam na watu 5,383,728, na umati huo haukubanana wote Magomeni na Kinondoni. Umemwagikia Chanika, Chamazi, Kivule, Goba, Bunju, Kibamba. Wengi waliojenga huko walianza kama wapangaji. Walifahamiana na wenyeji, wakasikia kiwanja kinauzwa kabla dalali hajakisikia, wakanunua, kisha wakajenga msingi mwaka huu na kuta mwaka wa tatu. Habari za kiwanja humfikia jirani kwanza. Mtu anaweza kupanga Manzese miaka 20 bila kuambiwa na yeyote, "Njoo, yule mzee anauza kipande chake." Halafu kuna watoto. Mwenye watoto wadogo anayetafuta uwanja wa wao kuchezea hawezi kulinganishwa na kijana anayerudi kulala tu.

Ila mdogo wangu ni huyo kijana anayerudi kulala tu, kwa hiyo tulichukua kalamu. Namba hizi ni za mfano, kila mtu aweke za kwake. Tuseme chumba cha Manzese ni shilingi 70,000 kwa mwezi na cha Chanika 30,000. Tofauti ni 40,000, na ndiyo inayowavuta watu. Sasa tuseme nauli ya kwenda na kurudi Chanika inazidi ile ya Manzese kwa shilingi 1,300 kwa siku, maana ni mbali na huenda ukaunga magari mawili. Kwa siku 26 za kazi ni 33,800. Kwenye ile 40,000 imebaki 6,200. Akichelewa na kupanda bodaboda ya 1,000 kutoka kituoni hadi nyumbani mara saba tu kwa mwezi, akiba imekwisha na deni limeanza.

Bado hatujahesabu saa. Zikiongezeka tatu kwa siku njiani, kwa mwezi ni saa 78. Anayetoka saa kumi na moja alfajiri hapiki. Chai anainunua, chakula cha mchana anakinunua, na usiku anafika amechoka hata kuinjika sufuria hataki. Kwa dada anayeshuka kituoni saa nne usiku na kutembea njia isiyo na taa, kodi nafuu inakuja na hofu ya kila siku. Hilo peke yake linatosha kumfanya alipe zaidi akae karibu.

Binamu naye asichukuliwe kama mtume. Chumba cha uswahilini karibu na mji mara nyingi kina choo cha kuchangia nyumba nzima, na mita ya LUKU moja mnayogombania kila umeme unapoisha. (Kodi ya majengo nayo imekuwa ikikatwa humohumo kwenye LUKU tangu 2021, kwa hiyo mpangaji anaweza kujikuta anamlipia mwenye nyumba bila kujua. Uliza mapema nani anaibeba.) Maji yasipotoka unanunua kwa dumu, na madumu ya mwezi mzima ni hela.

Halafu kuna bonde. Bonde la Msimbazi limepita katikati ya maeneo yenye vyumba vya bei rahisi, Jangwani na majirani zake. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40. Serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, mbele ya Bunju, ikawapa viwanja. Huko maji hayakuwafuata, lakini wapo waliorudi mjini, kwa sababu biashara ya genge au kibarua cha sokoni havihamishwi kwa lori. Kisa hicho kinawajibu mjomba na binamu kwa pamoja: karibu na mji kunaweza kukuua, na mbali na mji kunaweza kukulaza njaa.

Kuna kitu kimebadili hesabu, nacho ni mwendokasi. Tangu Mei 2016 mabasi hayo yanakimbia kwenye njia yao kutoka Kimara hadi Kivukoni, na mtu wa Kimara anaweza kumtangulia kufika mjini mwenzake wa karibu zaidi aliyekwama kwenye foleni. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka huohuo, lilifanya kazi hiyo kwa waliokuwa wakitegemea kivuko peke yake, ingawa lina tozo yake. Kwa hiyo pembezoni si moja. Ila mvua kubwa ikinyesha, Jangwani hujaa maji, mabasi husimama, na wa Kimara anarudi kuwa wa mbali.

Mimi naegemea kwa binamu, na sababu yangu kubwa ni kodi ya miezi sita. Wenye nyumba wengi wanaitaka yote mkononi siku ya kwanza, na dalali anadai kodi ya mwezi mmoja juu yake. Mgeni asiyejua mji analipia miezi sita mahali alipopaona mara moja, mchana, kiangazi, akiwa na dalali pembeni. Akigundua amekosea, hela haipo tena. Kwa mtu wa namna hiyo, aliye peke yake na ambaye kazi yenyewe bado ni ya majaribio, kosa la karibu na kituo cha gari linavumilika kuliko kosa la kilomita 30. Akifukuzwa Kariakoo, kutoka Manzese anaweza kutafuta kibarua hata kwa miguu. Chanika ataifikia baadaye, akiwa na kazi ya uhakika, akitafuta kiwanja na si chumba tu.

Kwa sasa mdogo wangu amefikia kwa binamu, analala sebuleni na kuchangia chakula. Nimemwomba asitoe hata senti kwa dalali kabla hajakitembelea chumba saa kumi na mbili asubuhi, akapanda gari hadi dukani, na kurudi jioni kwa njia ileile. Aende pia ofisi ya serikali ya mtaa aulize maji ya mvua yalifika wapi masika iliyopita. Na amwombe mwenye nyumba apokee kodi ya miezi mitatu. Wapo wanaokubali, hasa chumba kikiwa kimekaa tupu.