Mita 24 za wavu

Vitabu vingi vya hisabati vya shule ya msingi vina swali la namna hii: mstatili una urefu wa mita 8 na upana wa mita 4, tafuta eneo lake. Mtoto anazidisha, anaandika 32, anawekewa vema, basi.

Sasa liulizwe hivi: Bibi ana wavu wa mita 24 na anataka uga wa kuku wenye umbo la mstatili. Mchoreeni. Mmoja atachora 10 kwa 2, mwingine 8 kwa 4, mwingine 7 kwa 5. Mzingo ni ule ule, lakini maeneo ni 20, 32 na 35, na ubishi unaanza bila kuchochewa. Atakayeleta 6 kwa 6 atapata 36, na wenzake watamkatalia kwamba mraba si mstatili. Wabishane! Hapo ndipo wanapojifunza mstatili ni nini. Na akitokea wa kuuliza, "Mwalimu, kwani hatuwezi kuuegemeza kwenye ukuta wa nyumba?", wavu utazunguka pande tatu tu: 6, 12, 6. Eneo linakuwa 72, mara mbili ya ule mraba.

Wajapani wameyafanyia kazi maswali ya namna hii, yenye majibu mengi sahihi, tangu miaka ya 1970, wakiongozwa na mtafiti wa elimu ya hisabati, Shigeru Shimada. Swali moja linaweza kuchukua kipindi kizima. Mwalimu anapita kati ya madawati akiangalia nani kafanyaje, kisha anawaita ubaoni, mara nyingi akianza na mwenye njia nyepesi. Naukubali sana mpangilio huo. Ukimtanguliza kinara wa darasa, waliobaki wanafunga madaftari.

Najua darasa lina watoto 90, na tangu 2012 majibu ya mtihani wa darasa la saba hapa Tanzania yanasahihishwa kwa mashine, mengi yakiwa ya kuchagua herufi. Mwalimu anapimwa kwa ufaulu huo, simlaumu. Lakini makundi ya watoto sita sita yanaweza kuchora nyuma ya kalenda za zamani, kipindi kimoja kwa wiki. Ombi langu ni kwa walimu wakuu na wathibiti ubora wa shule: mkifungua daftari mkakuta swali moja tu kwa siku hiyo, msiandike kwamba kazi haitoshi. Someni michoro, kisha mwulizeni mtoto kwa nini alichagua vipimo vile.