Kata ipewe mfuko wake?

Masika yakianza Dar es Salaam, simu ya diwani haitulii. Mtaro umeziba, kalvati limekatika, bajaji hazipiti. Madiwani wengi hufanya lile lililo ndani ya uwezo wao: humtafuta mwenye lori, huchangisha mafuta, humwaga kifusi, na jioni picha zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la kata. Mvua mbili tu zinatosha kukisomba kifusi chote hadi mtaroni, na maji yanapanda kuliko mwanzo.

Ndiyo maana hoja ya mfuko wa kata, yaani kila kata ipewe fungu lake la maendeleo chini ya diwani, haipaswi kupuuzwa. Mbunge ana Mfuko wa Jimbo kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake anaiongoza mwenyewe. Diwani hana fungu la aina hiyo. Ni mwenyekiti wa kamati ya maendeleo ya kata, mtendaji wa kata akiwa katibu na wenyeviti wa mitaa wakiwa wajumbe. Wanaibua miradi, wanaipanga kwa uzito na kuipeleka halmashauri, ambako inagongana na ya kata nyingine zote na kubanwa na ukomo wa bajeti. Wakazi wakiuliza mkutanoni, jibu ni lilelile: tumeiombea fedha.

Tena halmashauri yenyewe si ile ya zamani. Barabara za mitaa zilikuwa mikononi mwa mhandisi wake. Tangu Julai 2017 ziko TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Kodi ya majengo, tangu mwaka 2021, inakatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Maji ni DAWASA, umeme ni TANESCO. Meneja wa TARURA hapigiwi kura na mtu, kwa hiyo hasira yote inamwangukia diwani, mtu anayeishi kwa posho bila mshahara. Hapo naona hatendewi haki.

Hata hivyo, wanaopinga mfuko wana hoja nzito, na mimi naiona kwenye maji. Mtaro hauishii mpakani mwa kata. Kata ya juu ikijenga mita zake mia kwa fungu lake, maji yanashuka kwa kasi na kuingia vyumbani mwa watu wa kata ya chini, na wote tunajua bonde la Msimbazi linavyopokea maji ya jiji. Kazi ya namna hiyo inataka usanifu wa eneo zima. Tandale na kata nyingine zilipata lami na mifereji kupitia DMDP, mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar es Salaam kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Fungu la kata lisingeweza kufanya hivyo.

Halafu kuna fedha yenyewe. Aprili 2023 serikali ilisitisha mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, baada ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu (CAG) kuonyesha marejesho mabovu na vikundi hewa. Fedha ikishuka karibu na kura, swali la nani ni mtu wetu huanza kuwa na bei. Wala mfuko hauondoi utegemezi: Nairobi, Kenya, yenye wadi (kata) 85, wawakilishi wa wadi walitaka kumng'oa Gavana Johnson Sakaja Septemba 2025, na kucheleweshwa kwa fedha za wadi na za basari kulikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Linalonisumbua zaidi ni hili: baraza la madiwani lipo ili limhoji mkurugenzi. Diwani akishakuwa mtumiaji wa fedha, naye atahojiwa na nani? Na madiwani wenzake, wenye mafungu kama lake?

Kwa hiyo ningekubali fungu dogo la dharura tu, la kuzibua mitaro na kurudishia makalvati kabla ya mvua, malipo yakiidhinishwa na watendaji na hesabu zikisomwa kwenye mikutano ya mitaa. La kwanza kabisa, TARURA na DAWASA walazimike kufika kwenye kamati ya kata kila robo mwaka na karatasi mkononi: mradi gani, mkandarasi nani, kiasi gani, unaisha lini. Karatasi hiyo ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, na ipigwe picha iende kwenye lile kundi la WhatsApp. Mkazi akiona kazi imesimama, ajue ni nani wa kumbana, na diwani ambane kikaoni kwa jina.